Tusi la Jitu la Chuma

"Mama Mina, wamemkata ulimi!" Bi Biubwa aliingia uani bila hodi, kanga inaburutika chini. "Kombo wa banda la video. Ulimi wote! Umeanguka mchangani unarukaruka kama dagaa."

Arafa aliendelea kumkorogea mwanawe uji. Alikuwepo, aliona kwa macho yake, ila alijua shoga yake akishapata habari hakubali ipunguzwe. Ulimi wa Kombo ulikuwa mahali pake. Kilichovunjika ni taya.

Kombo ndiye aliyewatafsiria watu wa Mlingotini filamu za huko kwenye nyota. Vyombo vya angani vikiripuka, yeye yuko kando ya luninga na kipaza sauti, anayasemea majitu yote. Na matusi je? Majitu yenyewe hayakuwa na habari nayo. Kombo ndiye aliyeyatia, tena ya nguoni, ya mama na utupu wake, maana vijana ndiyo waliyoyafuata. Arafa alikuwa akikaanga kachori mlangoni pa banda, na kila yalipoanza alimziba Mina masikio kwa viganja vyenye unga.

Siku taya lilipovunjika, mtaa wa pili palikuwa na matanga. Mama yake Abdulrazak alikuwa amezikwa jana yake. Kombo akazima muziki kwa heshima ya wafiwa, lakini filamu akaiacha. "Filamu si muziki," alimwambia Arafa. Na spika ya juu ya paa ikabaki inanguruma.

Hitima ilikuwa imefika kwenye dua pale jitu la chuma liliponyofolewa mguu. Kombo akalisemea. Tusi likapanda paa, likavuka nyua za watu, likatua jamvini katikati ya wafiwa.

Abdulrazak alikuja mbio na mwiko wa kupakulia pilau ya hitima, mrefu kama kasia, wali ungali umegandia.

"Udongo wa mama yangu haujakauka!"

Mwiko wa kwanza ulimpata Kombo begani. Wa pili ulitua kwenye taya, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kijiji kizima kiliusikia mfupa ukivunjika. Vijana gizani wakapiga makofi wakidhani ni filamu, mpaka damu iliporukia kioo cha luninga. Hapo wakakanyagana mlangoni. Kombo alikuwa chini, anatema meno. Abdulrazak akamkanyaga kifua, akainua mwiko usawa wa fuvu.

Arafa mwenyewe hajui alifikaje pale. Alijikuta ameung'ang'ania ule mwiko kwa mikono miwili, Mina analia mgongoni.

"Kaka Abdulrazak! Mama yako ndiye aliyenikanda nilipojifungua huyu. Leo unataka hitima yake ipate maiti?"

Mwiko ukaanguka. Abdulrazak akalia kwa kwikwi kama mtoto, kisha akafuta kamasi.

"Fungua banda lako ukitaka," alimwambia Kombo. "Ila siku nitakayosikia humu mama wa mtu anavuliwa nguo, nalitia moto na wewe umo ndani."

Bi Biubwa alipoondoka na ulimi wake, Arafa alimbeba Mina, akampelekea mgonjwa uji uliobaki. Kombo alilala na taya limefungwa kitambaa, anafyonza kwa mrija. Rehani, mteja wake mkubwa, alikuwa amekaa kitandani.

"Bila matusi hatuji, bro. Jitu linyofolewe mguu halafu liseme 'poleni jamani'?"

Kombo aliikodolea macho dari. Upande huu moto wa Abdulrazak, upande ule mabenchi matupu, na unga wa kumlisha ulitoka bandani.

Mina akachovya kidole kwenye bakuli la mgonjwa.

"Toka hapa, bamia la juzi wee!" Arafa alimfokea. "Mlenda uliokimbiwa na ugali!"

Mina akacheka mpaka akakaa chini. Rehani naye akaguna, kicheko kikamponyoka. Kombo alicheka, akalishika taya kwa maumivu, machozi yakamtoka. Akautoa mrija mdomoni.

"Mama Mina," alisema bila kuachanisha meno, "kuna filamu nyingine, jitu linakatwa mikono yote miwili. Njoo ukae na mimi kwenye kipaza sauti. Litukanie wewe."