Upenu wa Povu

Kontrakta anayejenga zahanati yetu, huku Matinyani, ana viganja laini na hapitishi sentensi bila neno "kisasa". Chini ya upenu, mahali tulipoahidiwa mbao, amepigilia bodi za povu jeupe, lile linalojazwa kwenye maboksi ya redio mpya, akazipaka saruji nyembamba kama ganda la yai, na juu yake rangi ya maziwa. Milango huigonga kwa fahari kila anapopita. Bodi hizo huzipapasa tu. "Hii mchwa haiwezi kula," huwaambia wageni. Ni kweli. Mchwa wana akili.

Jana mama Nthenya, ambaye kikundi chake cha mwethya, kina mama wanaosaidiana kazi, kilibeba mchanga wote kutoka mtoni, alimuuliza kuhusu moto, kwa kuwa wanaouguza watu wao watapikia uji papo hapo upenuni. Akacheka. "Mwaitu, hii ni simiti! Pikeni hata ng'ombe mzima." Kisha akatoa sigara, akaondoka kivulini, akaenda kusimama juani katikati ya uwanja ndipo akachomoa njiti ya kiberiti.

"Bwana kontrakta," nikamwita, "jua ni kali. Rudi uwashie hapa."

Kina mama wote wakamgeukia. Aliutazama upenu, akanitazama mimi, akairudisha njiti ndani ya kiberiti.

"Mwanangu," mama Nthenya akaniambia, macho yakiwa bado kwa kontrakta, "lete ngazi. Bodi hizi tunazitoa leo."