Kumsifu Mtoto Mbele ya Mwalimu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa nikiwafundisha hesabu watoto wa Kizanzibari katika ukumbi tulioazimwa Woolwich, huku ughaibuni. Wiki nzima nilikuwa karani. Jumamosi nilikuwa dada wa kila mtu. Nilisaidia homework, nilijaza fomu, nilifuatana na wazazi shuleni kuwatafsiria. Sikuwa mpole. Mtoto akipiga miayo mbele yangu nilimpeleka akaoshe uso.

Alikuwamo binti mmoja wa miaka kumi na nne, mama yake Mpemba. Alikuwa mwepesi wa kichwa, na wa ulimi zaidi. Nilimpenda wazi wazi, wenzake wakanuna, shauri yao. Alitaka kuwa mfamasia.

Siku ya wazazi shuleni kwake, mimi nikiwa mkalimani, mwalimu wake alimuuliza mama anamwonaje binti yake katika hesabu.

"Huyu? Hana ajualo. Mvivu, kutwa yuko mbele ya TV."

Mama alikuwa akimkinga mwanawe na kijicho. Kwetu mtoto hasifiwi mbele ya watu, seuze mbele ya mgeni. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini kwa kujiona mkalimani hodari nikatafsiri neno kwa neno. Mwalimu, ambaye ndiyo kwanza aanze kazi pale, akaandika.

Wiki mbili baadaye binti alinijia amefura. Amepangiwa mtihani wa hesabu wa chini, ambao hata ukipata maswali yote, alama zake hazikufikishi kwenye famasia.

"Mama kasema mimi mjinga," akaniambia kwa Kiingereza, "na wewe ukamtafsiria."

Niliona haya. Nilikasirika pia, na mtu niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikampitia mama yake. Kwenye basi la kwenda shuleni nikamwambia, "Leo utamsifu, bibi."

"Mie? Mbele ya yule mwalimu? Akipatwa na kitu je?"

"Tutamsomea dua. Lakini utamsifu."

Mwalimu alituketisha, binti katikati yetu. Mama akavuta mtandio, midomo ikamcheza kwa dua, kisha akasema huku akiitazama meza:

"Mwambie barua zote za nyumbani ananisomea yeye. Mwambie dawa za baba yake ndiye azijuaye, ipi ya asubuhi, ipi ya jioni, na hajakosea hata siku moja. Mwambie akikaa kusoma, mie husimama mlangoni nikamtazama. Mashaallah."

Nikamgeukia mwalimu nitafsiri, binti akanitangulia. Alitafsiri vizuri tu, barua, dawa. Alipofika kwenye maneno ya mlangoni akamgeukia mama yake.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akasema, kwa Kiswahili.

Mwalimu akachukua kalamu, akalihamisha jina la binti kwenye orodha ya mtihani wa juu. Wao wawili hata hawakumwangalia.