Kambi Chini ya Mikanju ya Mwero

Nyuma ya Msambweni, ukiiacha minazi na kupanda polepole kuelekea bara, nchi hufunguka ikawa nyika ya majani marefu yenye vipande vya msitu. Katikati yake pana ziwa dogo lisilokauka, wenyeji huliita Dziyani. Ukingoni mwa ziwa hilo, upande wa mashariki, aliishi Mwero wa Chome, na kwa kazi ya kuchagua mahali pa kulala penye maji hapakuwa na wa kumfikia.

Ujuzi huo aliununua kwa mgongo wake. Babaye alikufa mapema, akamwachia jina tu. Alichunga mbuzi wa watu mpaka akalipwa mbuzi jike mmoja, kilema wa mguu, na kwa huyo kilema akapata kundi. Enzi za Wazungu alichukuliwa kubeba mizigo ya wapima ardhi na wawindaji, akapanda mpaka akawa mnyapara wa kambi. Huko alijifunza kwamba hema halichaguliwi kwa kivuli cha saa sita, maana saa sita wageni wako porini. Huchaguliwa kwa kivuli cha saa kumi, wakati wamerudi, wamechoka, wanataka chai na hawataki jua usoni. Alijifunza kutafuta alama ya tope kwenye mashina ya miti, ajue mafuriko ya mwaka uliopita yalifika wapi. Alikuwa akilala chali juu ya ardhi, kwanza kichwa huku, kisha kichwa kule, mpaka mwili umwambie maji ya mvua yatateremkia wapi. Wageni walicheka, lakini usiku wa mvua walilala pakavu.

Mshahara wa kazi hiyo hakuula wote. Alinunua mbegu za mikanju, ndiyo mikorosho, akapanda mmoja mmoja ukingoni mwa ziwa, akaimwagilia kwa kata mpaka ikashika. Ilipokuwa mikubwa ilikuwa thelathini na mmoja, imefungamana matawi juu, na chini yake panafagilika kama sebule.

Mwaka wa pili baada ya bendera mpya kupandishwa, Landrova ikaja mpaka mlangoni pake. Akashuka Abdurahman, kijana wa Msambweni aliyesomea Mombasa, suruali fupi na soksi ndefu, akitumwa na kampuni moja iliyotaka kuweka kambi ya watalii penye ziwa.

"Shikamoo, mzee Mwero."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Msambweni?"

"Njema, alhamdulillahi. Nimeambiwa nikija Dziyani nisitafute mahali, nikutafute wewe."

"Aliyekwambia hakukosea," Mwero akasema, akachukua fimbo yake.

Mwuzaji yeyote anayejua kazi haanzi na bidhaa nzuri. Mwero alimpeleka kwanza upande wa kaskazini, kwenye majani matupu, jua likawapiga mpaka kijana akaanza kujipepea kwa daftari. Kisha akamzungusha magharibi, kwa Jefwa, shemeji yake au mlamu, kama walivyoitana, kaka wa mkewe Kahaso. Pale palikuwa na mikanju pia, kivuli kizuri, na Mwero aliona macho ya kijana yanang'ang'ania pale.

"Hapa je?"

"Pazuri," Mwero akasema. "Lakini tazama." Akamwonyesha mfereji uliokanyagwa kwenye matete. "Njia ya kiboko. Usiku hutoka kula majani, na akikuta hema njiani kwake hapiti kando."

Abdurahman akarudi nyuma hatua mbili. Basi alipofikishwa mashariki, chini ya mikanju thelathini na mmoja, upepo ukitoka majini, alikaa chini bila kuambiwa karibu.

Wakapatana hapo hapo. Mwero alitaka mambo mawili. La kwanza, awe mnyapara wa kambi. La pili, iandikwe kwenye karatasi kwamba miti ni yake, korosho ni zake, na hakuna wa kukata hata tawi ila yeye.

"Kivuli nitawapa," alisema. "Mti siwapi."

"Hilo tu, mzee?" Abdurahman akauliza, kalamu ameshaitoa.

"Hilo tu."

Kijana akaandika, akamsomea mara mbili, Mwero akaweka kidole gumba. Mtu aliyenunua na kuuza mbuzi miaka thelathini alipaswa kuogopa mnunuzi asiyebishana. Lakini Mwero alifurahi, akaona amemshinda.

Tena hakuwa mjinga. Pwani yote ya kusini, mwenye mti ni aliyeupanda. Udongo unaweza kuwa wa ukoo, wa serikali au wa mtu aliyekufa zamani. Mti ni wa aliyeupanda, anaurithisha, anauza, anaweka rehani, na njia ya kuufikia haiulizwi. Mwenye mti akaa penye mti wake, na mifugo yake hunywa penye maji ya jirani na mti wake. Jambo hilo halikuwahi kusemwa kwa kuwa halikuwahi kuhitaji kusemwa. Mwero alilinda alichokuwa akikijua kuwa ndicho mali. Udongo hakuutaja, na Abdurahman hakumkumbusha.

Kahaso ndiye aliyeuliza, jioni hiyo, akichambua mchicha.

"Baba Dama, na mbuzi watanyweshwa wapi?"

"Pale pale. Nani atamzuia mbuzi wa mwenye miti?"

"Mimi sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Wewe pika."

Mvua za masika zilipokwisha wakaja watu na nguzo, wakaja na seng'enge. Nyumba ya Mwero iliachwa nje ya waya kwa hatua arobaini, mikanju ikabaki ndani, na ziwa nyuma yake. Likawekwa lango, na langoni akawekwa askari kutoka bara, mtu asiyejua hata kusalimia.

Siku ya kwanza Mwero alifika na kundi lake, mbuzi sitini na wawili, kama alivyofika kila asubuhi.

"Wewe ingia," askari akamwambia. "Mbuzi hapana."

"Mbuzi ni wangu."

"Najua ni yako. Wageni hawataki mavi ya mbuzi kwa maji."

"Kiboko hunya humo humo kila siku."

"Kiboko ndiyo wamekuja kuona, mzee."

Mwero alikwenda kwa miguu mpaka Msambweni. Abdurahman alimpokea vizuri, akaagiza kahawa na haluwa, akaitoa karatasi kwenye faili na kumsomea kwa sauti ileile ya siku ile.

"Miti ni yako, mzee. Kuna mtu ameigusa?"

"Hakuna."

"Korosho ukitaka kuokota, lango litafunguliwa. Neno letu tumelishika. Ardhi ni jambo lingine. Ardhi kampuni imekodishiwa na serikali, miaka thelathini na mitatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mzee wangu. Ulisema hilo tu."

Mwero akamtazama kijana, akaona kwamba hana aibu wala hana chuki. Angekuwa yeye, angefanya vivyo hivyo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliiacha kahawa ikapoa, akarudi Dziyani.

Kuanzia hapo aliingia langoni kila asubuhi kama mnyapara, akafagia majani ya miti yake mwenyewe chini ya mahema ya watu, huku akisikia mbuzi wake wakilia nje ya waya. Waya ukiwa umezunguka ukingo wote mpaka kwa Jefwa, kuwanywesha ilibidi Kahaso awazungushe huko, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Jefwa hakuwakataza. Alikuwa mtu mkunjufu, mwenye mdomo.

"Karibu, mlamu!" humwita Mwero akimwona. "Karibu na maelfu yako. Nasikia umeuza kitanda ukabaki na chandarua!"

"Nyamaza, Jefwa."

"Aa, ninyamaze? Wewe ulimwambia yule kijana kwangu kuna kiboko. Njia ile ni ya ng'ombe wangu. Nimemtafuta huyo kiboko aipite anisalimie, mwaka mzima simwoni. Mkinywesha, leteni na salamu zake!"

Watu wakacheka, na Mwero akalazimika kucheka nao, kwa kuwa maji yalikuwa ya Jefwa.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Ukingo wa magharibi ni wa tope, na makundi mawili yakiukanyaga kila siku ukawa kinamasi. Ng'ombe wa Jefwa wakaanza kukwama. Jefwa akaja mwenyewe, safari hii hana mzaha.

"Mlamu, mbuzi wako waje siku moja, waache siku moja. Sikufukuzi. Nimepoteza ndama wawili."

Hakuna haki zaidi ya hiyo, na Mwero alijua. Lakini mbuzi anayekunywa siku moja na kuacha moja, kisha akatembea saa mbili juani, hamalizi mwezi. Wakafa saba, wakafa wengine wanne. Wa kumi na mmoja alikuwa na mimba. Kahaso alimpasua akakuta vitoto vitatu, akavitandika juu ya jani la mgomba mbele ya mumewe, akaingia ndani.

Kesho yake Mwero alipita langoni na shoka.

"Unaenda kufanya nini?" askari akauliza.

"Kupogoa miti yangu. Nenda kasome karatasi."

Mkanju wa kwanza ulianguka kabla ya saa nne. Wageni walikuwa wametoka. Waliporudi saa kumi, wakitaka chai, jua lilikuwa limewakalia vitini. Siku sita alikata, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, mikono ikamvimba, akaifunga matambara akaendelea. Abdurahman alikuja siku ya tatu, akasimama na karatasi yake mkononi, akaisoma tena kimya, akaikunja.

"Mzee, hii ni miaka ishirini yako unaikata."

"Ishirini na mbili," Mwero akasema. "Sogea, usije ukaangukiwa."

Abdurahman alimfukuza kazi hapo hapo, na zaidi ya hilo hakuwa na la kumfanya. Mkanju wa thelathini na mmoja ulipolala, kambi ilikuwa uwanja mweupe wenye visiki, mahema yamesimama juani kama nguo za kuanikwa. Wageni wakaacha kuja. Waya ulibaki palepale, na lango likabaki limefungwa. Mwero alikuwa amewaharibia, lakini mbuzi hawakunywa hata tone zaidi.

Miezi miwili ikapita, akafa mbuzi mwingine, na mwingine. Ndipo Landrova ikarudi. Abdurahman hakushuka, alimwita dirishani.

"Kampuni haitaki kuondoka ziwani, mzee. Wanataka mahali pengine, na wakubwa wamesema nikuulize wewe. Miye nisingekuuliza."

Mwero aliweka mkono juu ya bati la gari, akakuta ni la moto, akauondoa.

"Safari hii sitaki karatasi ya miti," akasema. "Nataka njia. Hatua kumi upana, kutoka boma langu mpaka majini, waya ukatwe. Na isiandikwe kwenye karatasi tu. Ichorwe kwenye ramani, ile ya serikali, niione kwa macho yangu."

"Inawezekana. Na mahali?"

"Njia kwanza."

Kijana akaenda, akarudi baada ya wiki tatu na ramani yenye muhuri. Mwero hakujua kusoma maneno, lakini ramani alizibebea Wazungu miaka mingi. Aliona ziwa, akaiona nyumba yake, akauona mstari mwekundu kati ya viwili hivyo. Akapima kwa kidole. Kisha akainua fimbo, akaelekeza ng'ambo, magharibi.

"Kwa Jefwa?" Abdurahman akasema. "Si ulisema kuna kiboko?"

"Kiboko amehama."

Kijana akacheka kidogo, akawasha gari.

Kampuni ilikuwa imejifunza. Jefwa hakuulizwa anataka nini. Alilipwa fidia ya mikanju yake, mti kwa mti, akaambiwa ahame kabla ya mvua. Siku wapimaji walipokuja kupiga vigingi Mwero naye alikuwapo, kwa kuwa hakutaka isemwe alijificha. Jefwa akapita katikati ya vigingi mpaka mbele yake.

"Ni wewe uliyewaonyesha?"

"Wangepaona wenyewe."

"Wamekaa ng'ambo miaka miwili, kila siku wanatutazama. Hawakupaona."

"Mbuzi wangu walikuwa wanakufa, mlamu."

"Walikuwa wanakunywa kwangu," Jefwa akasema, na hakumwita mlamu. Akaenda kufungua ng'ombe. Baada ya siku nane alikuwa amekwisha hamia upande wa Kinango, na kule maji ni ya kupanga foleni.

Kahaso alimsindikiza kaka yake mpaka njia panda, akarudi, akapika, akala mwisho. Asubuhi yake alichukua mtungi, na badala ya kuteremka kwa njia ile pana ya hatua kumi, akaishika ya kijiji cha pili, kwenye kisima cha watu, akarudi jua likiwa kali. Akaumimina mtungi ule kwenye balasi yake ya maji, akaifunika. Vivyo hivyo kesho yake, na kesho kutwa.

"Mama Dama," Mwero akamwambia siku ya nne, "maji yako hapo. Nimeyapigania. Yamo kwenye ramani."

"Nimeyaona. Ni maji mazuri," Kahaso akasema. "Nyweshea mbuzi wako."

Basi nyumbani kwa Mwero zikawa balasi mbili, ya Mwero ya maji ya ziwa na ya Kahaso ya maji ya kisima. Mbuzi walipona, wakazaa, na baada ya miaka mitatu kundi lilikuwa limepita lilivyokuwa kwanza. Watu wa ukingoni walimwuzia na kununua kwake kama kawaida, maana bei yake ilikuwa ya haki, ila walisimama nje ya boma, wakamaliza shughuli, wakaondoka bila kuomba hata kata ya maji.