Sitaki Saini Yako Leo

Nakumbuka siku moja kule Igowole, miaka ya hamsini, nilipotaka kutia saini karatasi ya pango huku nimesimama. Wewe angalau umeketi, mwanangu. Weka kalamu hiyo mezani kwanza. Chumba hakikimbii.

Mwenye nyumba wangu alikuwa Mzee Chengula, mtu mrefu, mpole, aliyejenga banda la matofali kando ya njia kwa jasho la mashamba ya chai. Tulisali naye kanisa moja. Mimi nilikuwa kijana niliyetaka kuweka mle bandani mashine yangu mpya ya kusaga mahindi. Nasema yangu, lakini ilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba na wa baba zangu wadogo, na zizi likabaki na samadi tu. Mashine ile ikipotea, tulikuwa tumekwisha sote, na kila mtu alijua.

Mashine ya kusaga haiwekwi chini kama kinu. Hufungwa kwa boliti kwenye saruji, la sivyo itacheza ngoma mpaka iangushe ukuta. Hilo nililijua. Nisilolijua lilikuwa ndani ya karatasi, ambayo karani mmoja wa Iringa aliinakili kutoka mikataba ya maduka ya mjini, kwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu.

Nikachukua kalamu. Mzee Chengula akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Umesomewa?"

"Baba, mimi nakuamini."

"Sijakuuliza hilo."

Nikamwambia kuwa kupeleka karatasi ya mzee kwa mtu mwingine ni kumvunjia heshima. Ndivyo tulivyolelewa, na hata leo wapo wanaofikiri hivyo. Akanitazama kidogo.

"Mimi unaniamini. Na wanangu je? Yule wa Mbeya hata humjui. Nikifa atashika karatasi, hatashika moyo wangu. Na hiyo karatasi hata mimi siielewi. Nenda Iringa kwa wakili. Usiposomewa, banda sikupi."

Niliona haya, kisha nikakasirika. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nikapanda lori la majani ya chai hadi Mafinga, na jingine hadi Iringa, nikinung'unika njia nzima.

Wakili alikuwa Mhindi mnene mwenye sauti ndogo, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Alisoma, karani wake akanitafsiria: kila kitakachofungwa sakafuni au ukutani kitabaki kuwa mali ya mwenye nyumba siku mpangaji atakapoondoka.

Nilicheka, mwanangu. Kwetu mtu akihama aling'oa mlango wake akajitwika, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mlango ni wa aliyeuchonga. Nikadhani karani amekosea. Akarudia polepole, na wakili akaniuliza nitafunga nini mle bandani. Nikasema mashine, na kicheko kikaniishia palepale.

Wakili akaandika maneno mengine: mashine na boliti zake ni zangu, nitaondoka nazo baada ya kuziba mashimo, na warithi wa pande zote mbili watafuata hivyo hivyo. Ujira wake ulikuwa bei ya mbuzi, nami nikamlaumu Mzee Chengula kwa mbuzi yule mpaka nikafika Igowole. Yeye aliposomewa aliweka saini yake, akasema tu, "Sasa kafunge mashine yako."

Baada ya miaka michache akafariki. Nilimlilia kama mwanawe. Matanga hata hayajaanuliwa vizuri, yule wa Mbeya akaja kuniambia nihame na mashine ibaki. Kule mjini alikuwa amesikia kuwa kilichofungwa sakafuni ni cha mwenye nyumba. Hakuwa mtu mbaya, ila wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa, naye alikuta vinaelea. Nikampa karatasi. Aliisoma mpaka kwenye saini ya baba yake, akaikunja, akanirudishia.

Nilifungua boliti, nikaziba mashimo kwa saruji kama nilivyoahidi. Baba yangu alikuja kutazama. Alilishika gurudumu la mashine mpaka ilipopakiwa kwenye lori. Moyo wangu ulinijaa siku ile, na nilitamani Mzee Chengula angekuwepo nimwombe radhi kwa ajili ya mbuzi.

Sasa mwenye nyumba ni mimi, na wewe unataka kujenga tanuri la mikate katika chumba changu. Mashine hufunguliwa boliti, mwanangu. Tanuri halibebeki. Chukua karatasi hii umpelekee mwanasheria kabla ya kuweka jina lako. Kama huna cha kumlipa, wapo wanaosaidia bure, uliza utaonyeshwa. Mwulize tanuri litakuwa la nani, kodi itapandaje, utapewa muda gani ukitakiwa kuondoka, na nikifa itakuwaje. Usiniulize mimi, kwa maana mimi navutia kwangu. Kuuliza si ujinga, wala si kunidharau. Tahadhari kabla ya hatari, na baada ya saini wakili hubaki kukupa pole.

Haya, nenda. Mungu akupe unga usiopungua na moto usiozimika, akupe wateja wanaolipa, akurudishe hapa na maswali mengi. Kalamu yako ichukue. Sitaki saini yako leo.