Tulichagua Riwaya kwa Punje za Kahawa

Watu wengine wakifungua kitabu cha zamani husikia harufu ya karatasi. Mimi husikia kahawa. Kahawa iliyokaukia kwenye maganda yake, ikakaa stoo ndani ya magunia, yenye utamu uliochacha kidogo na vumbi linalokupigisha chafya kabla hujajua kwa nini. Juzi, katika maktaba ya chuo ninachosomea ualimu hapa Bukoba, nilivuta riwaya moja iliyolala chali nyuma ya wenzake, nikaifungua, nikapiga chafya. Papo hapo nikawa nyumbani Izigo, msichana wa darasa la sita, mwaka ule wa korona.

Shule zilifungwa ghafla. Tulitoka darasani tukishangilia kama watu walioshinda mechi, na mimi nilishangilia kuliko wote. Nina sababu, na wewe nitakuambia. Nilikuwa msomaji mzito. Zamu yangu ya kusoma kwa sauti ikifika, wenzangu walilaza vichwa kwenye madawati kabisa, wakijua safari ni ndefu. Nilifuata mstari kwa kidole, nikafika mwisho wa sentensi, nikasimama, nikapumua, ndipo nikaingia nyingine. Mwalimu hakunichapa wala kunitukana. Alisema tu, "Koku, kaa, mwingine aendelee," kwa sauti ya huruma, na huruma ile iliniuma kuliko fimbo.

Furaha ya likizo haikudumu. Babu yangu alikuwa na kifua kibovu cha miaka mingi, na Shangazi Adela, mwalimu wa fasihi katika sekondari moja ya mjini, alifika nyumbani na boksi la vitabu kichwani na amri mdomoni: hakuna mtu kutoka nje ya kibanja mpaka hali itulie. Kibanja chetu hakikuwa kidogo, migomba na mibuni mpaka bondeni, lakini mahali ulipokatazwa kutoka hugeuka padogo. Ndoo ya maji yenye koki iliwekwa mlangoni pamoja na sabuni. Kushikana mikono kukakoma. Babu, aliyezoea wajukuu wapige magoti mbele yake na kumpa mikono miwili, sasa tulimpigia magoti kutoka ng'ambo ya ua.

"Mnanisalimia kama mnaniaga," alinung'unika.

Aliyekosekana ni baba yetu, ambaye kama watoto wengi wa Kihaya tulimwita Tata. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kisiwani Goziba, na kufika huko ni kwa boti tu. Kwa ajili ya kifua cha Babu aliamua kubaki hukohuko, asije akatuletea ugonjwa kutoka mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Alipiga simu alasiri, akiwa amepanda juu ya jabali ambako mtandao ulipatikana. Mama alipokea, akasikiliza, akasema "haya" na "sawa," kisha akarudi kumenya ndizi akiwa amegeukia ukuta.

Redio nayo ilisema ugonjwa asubuhi, mchana na jioni. Siku moja Mama aliizima katikati ya sentensi. Hakuna aliyethubutu kuiwasha tena. Ndipo Shangazi aliposema, "Tusome riwaya. Moja, nyumba nzima."

"Riwaya ndiyo nini?" Babu akauliza.

"Hadithi ya kutunga, Tata," Shangazi akamjibu baba yake.

"Ya kutunga. Yaani ya uongo." Babu alikuwa katekista mstaafu na vitabu alivyovijua vilikuwa vya sala na vya watakatifu.

Shangazi hakubishana naye. "Basi uje usikilize uongo, Tata, huku ukichambua kahawa."

Lile boksi lilikuwa limewekwa stoo, juu ya magunia. Kaka yangu Deo, wa kidato cha tatu, aliyerudishwa kutoka bweni na Kiingereza chake chote, aliingia akatoka na riwaya ya mpelelezi wa mjini, bastola kwenye jalada. Shangazi alichukua nyingine aliyoisifia sana, kuhusu mji ulioingiliwa na tauni. Mimi nilitumwa kulirudishia boksi kifuniko. Kulikuwa na kitabu kimoja kimejibana pembeni, hakina jalada, uti wake umeshikwa kwa uzi. Nilikifungua katikati bila kukusudia lolote, na neno la kwanza nililoliona lilikuwa dagaa.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Vitabu vyote nilivyokuwa nimevisoma shuleni vilikuwa na watu wa mbali, watoto waliokwenda bustani ya wanyama, watu waliopanda treni. Hapa palikuwa na mwanamke ameinama anatandaza dagaa mchangani, jua linamchoma shingo, anawafukuza kunguru kwa kanga. Harufu ya nguo za Tata akirudi safari ilipanda kutoka kwenye ukurasa. Sikujua kama kitabu kinaruhusiwa kufanya hivyo. Nilitoka nacho.

"Na wewe unagombea?" Deo akacheka. "Koku akitusomea, tutamaliza korona hii na nyingine itukute hapohapo."

"Mwache," Shangazi alisema. "Kila kitabu kisomwe ukurasa mmoja, kisha tupige kura."

Kura zilikuwa kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri, ambazo kwetu mgeni hukaribishwa nazo kabla ya neno lolote. Kila mtu alipewa punje moja ya kutumbukiza kwenye kikapu mbele ya kitabu alichokipenda. Tulikaa uani, mbalimbali kama Shangazi alivyotupanga, kahawa mbichi zimeanikwa katikati yetu juu ya majamvi.

Deo akaanza. Alisoma kama bodaboda inayoshuka mlima bila breki, bastola ikalia, mtu akafa, ukurasa ukaisha. Babu aliuliza, "Kafa nani?" Shangazi akafuata, na alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa, lakini tauni ilipoingia nyumba ya pili Mama aliinua mkono.

"Adela, wifi yangu, nisamehe. Ugonjwa nimeuzima redioni. Ndio uje unifuate kwenye kitabu?"

Ikabaki zamu yangu. Niliweka kidole. Nilisoma kwamba Felista alishuka kwenye boti akiwa na beseni moja na kwamba hakuna mtu ufukweni aliyemjua. Nikasimama. Nikapumua. Nilimwona Deo akiangalia juu mbinguni. Nikasoma kwamba aliuliza mahali pa kulala, wanaume wakacheka. Nikasimama tena, na katika kimya kile nilimsikia Babu akijisemea kwa Kihaya, taratibu, ile sentensi niliyotoka kuisoma, kama mtu anayeonja chakula. Kisha akanitazama akingojea inayofuata.

Ukurasa ulipoisha, Mama alikuja kwanza. Akaweka punje yake mbele yangu. Deo akajipigia mwenyewe. Na mimi nikajipigia, kwa aibu. Shangazi alisema yeye ni msimamizi tu. Wote tukamgeukia Babu, maana akienda kwa Deo tutakuwa sare. Babu alikuwa anatafuna.

"Tata! Kura yako iko wapi?" Shangazi akamwuliza.

Babu akasimamisha taya. Akajipapasa kiganjani, akatazama chini, akatazama kikapu. "Waitu! Nimeila," alisema. "Huyo mama amelala wapi, ndicho nilichokuwa nafikiri. Nipeni nyingine."

Akapewa, na aliiweka mbele yangu kwa vidole viwili, kama anayetoa sadaka.

Basi kila alasiri nikawa nasoma. Felista alianza kwa kuwapikia wavuvi uji. Alitaka jambo moja ambalo kisiwa kizima kilimwambia haliwezekani kwa mwanamke, kuwa na boti lake mwenyewe. Alinyang'anywa sehemu ya kuanikia, akapata nyingine kwenye mawe. Mwanamume mmoja mwenye maboti mengi akataka kumwoa ili amnyamazishe. Mama aliacha kumenya ndizi akiwa amegeukia ukuta, akageuka upande wetu. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alianza kusimama nje ya ua wa mimea akijifanya anatafuta kuku, mpaka Shangazi akamwekea kigoda hukohuko nje. Hata Deo, aliyekuwa anasikiliza kutoka juu ya mti wa mparachichi ili ionekane hasikilizi, siku moja alipiga kelele, "Asikubali!" nusura aanguke.

Lakini aliyetushinda wote alikuwa Babu. Jioni moja kwenye rozari, baada ya kuwaombea wagonjwa na marehemu na Tata aliye ziwani, alikohoa akasema, "Na tumwombee Felista, avuke salama." Shangazi aliinamisha kichwa mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mama akaitikia kwa sauti, "Ee Bwana, utusikie," nasi wote tukaitikia, na hakuna aliyemkumbusha Babu kwamba hadithi ni ya uongo.

Kisha Tata akapiga simu tukiwa katikati ya sura. Mama aliweka sauti kubwa, akaiegemeza simu kwenye kinu, akataka kunikatiza. Tata akasema, "Nani anasoma?"

"Koku."

Tata alizijua ripoti zangu za shule. "Aendelee," alisema. "Msikate."

Kesho yake alipiga saa ileile, na nyuma yake nikasikia upepo na sauti za watu. Alikuwa amepanda jabalini na wenzake. Kambi ile ilikusanya watu wa kila upande, Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Warundi, na wote walikuwa wamekaa na hofu yao wakisikia redio ileile tuliyoizima sisi. Sasa walibishana kuhusu Felista. Mmoja alitaka aolewe apumzike. Mwingine alimwambia mwenzake huyo kwamba yeye ndiye apumzike. Kisha sauti nzito ya mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kigumu kuliko hata cha Babu, ikasema karibu kabisa na simu, "Binti, soma hivyohivyo. Usikimbie. Hivyohivyo tunakupata."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Siku ya sura ya mwisho Mama alipika ndizi mapema. Jirani alikuja na dada yake, wakakaa kwenye vigoda vyao nje ya ua. Shangazi, labda kwa kuona uzito wa siku, alinyoosha mkono apokee kitabu. "Niisome mimi hii ya mwisho, upumzike?"

"Koku," Babu alisema, akinielekeza kwa kidevu.

Nilisoma. Mvua ilitishia upande wa ziwa, kisha ikaenda zake. Katikati nilikutana na neno refu sana, nikalijaribu mara moja, likanishinda, nikalirudia, likanishinda. Deo akafungua mdomo anisaidie, kwa nia njema, naamini. Babu aliinua fimbo yake hewani bila kumtazama. Simu nayo ilikuwa kimya, upepo tu. Nikalishika neno lile silabi kwa silabi mpaka likatoka zima, nikasikia mtu jabalini anasema, "Eeh!"

Felista alilisukuma boti lake majini alfajiri, na wale waliomcheka siku ya kwanza wakaingia maji mpaka kiunoni kumsaidia kusukuma. Hapo ndipo kitabu kilipoishia. Niliinua kidole changu kutoka kwenye karatasi. Ndipo simu ilipolipuka, huko Goziba watu walikuwa wanapiga madumu na mabeseni, wanapiga miluzi, na sauti ya Tata inavuma juu ya zote, "Huyo ni mwanangu! Mnasikia? Ni mwanangu huyo!" Mama akapiga vigelegele, jirani akavipokea nje ya ua. Babu aliinuka taratibu, akasahau ndoo, sabuni na amri zote, akanishika mikono yangu miwili. "Kasinge, mwana wange," alisema. Ahsante, mwanangu. Shangazi aliona, akatazama pembeni kwa makusudi kabisa.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliniita nisome kwa sauti. Vichwa vikalala kwenye madawati kama kawaida. Sikuharakisha. Niliweka kidole, nikasoma, nikasimama, nikapumua, nikasoma. Kichwa kimoja kikainuka nyuma kule, kikafuatiwa na cha jirani yake. Nilipofika mwisho wa aya mwalimu hakusema "kaa." Alisema, "Geuza ukurasa," nami nikageuza, na nilipomaliza hadithi nzima darasa lilikuwa limekaa wima. Nilirudi mahali pangu nikitembea kama mtu mwenye boti lake ziwani.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba likizo ya korona ndiyo iliyoniponya uzito wa kusoma. Nimekuja kuelewa juzijuzi tu, nikijifunza hapa chuoni namna mtoto anavyosoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, kwamba sikupona chochote, kwa kuwa sikuwa naumwa. Babu alisikiliza mahubiri, redio na maofisa maisha yake yote kwa Kiswahili kilichompita mbio. Mama hivyohivyo, na yule mzee wa jabalini. Alasiri zile uani, mtu aliwangoja kwa mara ya kwanza. Na zile pumzi zangu mwisho wa kila sentensi, ambazo darasa lilizilalia na mimi nilizionea aibu, hazikuwa kimya kitupu. Nilikuwa naisema sentensi moyoni kwa Kihaya kabla sijaenda mbele. Nilijiita mzito, kumbe kila ukurasa nilikuwa nausoma mara mbili.