Kapteni Aliyebomoa Lango la Kasri

Mtaani wanamwita Kapteni, ingawa gwanda alilivua zamani na sasa ni fundi makochi.

Asubuhi ya mapinduzi alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mfalme alikuwa ameamuru watu waliodai bunge wapigwe risasi, na kambini uvumilivu ulikuwa umefika ukingoni. Kapteni aliongoza vifaru vitatu hadi kasri, akatoa amri, mzinga ukalia, lango likaanguka. Walinzi kumi na mmoja walikufa pale. Hilo hajawahi kulikana, wala kulipamba.

Wenzake walipokimbilia ghorofani kumkamata mfalme, kanali aliagiza kwa redio jengo la nyuma lilipuliwe, eti walinzi wamejificha humo. Kapteni akaona heri akajionee kwanza. Alisukuma mlango, akakuta chumba cha dobi: pasi zingali za moto, na watu kama ishirini wamejikunyata nyuma ya marundo ya nguo. Mpiga pasi mmoja, mwanamke mwembamba, akamtazama miguuni.

"Afande, mashuka hayo unayoyakanyaga nimeyafua mwenyewe."

Kapteni alijikuta anarudi nyuma, akaomba radhi. Kisha akaishika redio. "Humu kuna madobi tu. Atakayepiga mzinga aanze na mimi."

Kanali alifoka weee, lakini Kapteni hakubanduka mlangoni mpaka wa mwisho alipotoka salama.

Ukaidi ule ulimponza. Wenzake wakawa mawaziri. Yeye akapewa ghala la mablanketi alisimamie, hadi alipochoka akaacha jeshi. Alichopata ni yule mpiga pasi. Alipopeleka posa, mjomba mtu akakataa katakata: mlinzi mmoja aliyeuawa langoni alikuwa mtoto wa jirani yao.

Kapteni akaenda kwa mama wa marehemu, akakiri kwamba amri ilitoka kinywani mwake. Mama akamfungia mlango. Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Mwaka wa pili mlango ukafunguliwa.

"Usikalie kiti hicho, mguu umevunjika. Kaa hiki," mama alisema. "Sijakusamehe. Lakini kaa."

Alikitengeneza kile kibovu siku ileile, vibaya kweli, kikavunjika tena. Aibu ikamtuma kwenda kujifunza ufundi kwa seremala. Posa nayo ikakubaliwa, maana mjomba aliishiwa na sababu.

Leo ana miaka sabini na mitatu. Mchana hula na mkewe karakanani, wakibishana kuhusu rangi ya vitambaa. Kwa kawaida mkewe ndiye hushinda, naye Kapteni hushiba akasinzia palepale kwenye kochi la mteja.