Fomalini Niliyoimimina kwa Mkono Wangu

Mwenzenu nimeharibu. Nahudumu chumba cha maiti hapa Kahama, na kazi naijua, au ndivyo nilivyokuwa nikijitapa.

Alifariki mwenye duka mmoja wa Kihindi. Mama Limi akaja akilia kwamba marehemu ndiye baba wa mwanawe. Ndugu wakamkana, ila wakakubali kipimo. Maiti ilikuwa ichomwe kesho yake kwa desturi yao, hivyo daktari akaniagiza nikate kipande cha msuli, nikiweke kwenye barafu, kipelekwe Ulaya kulinganishwa na damu ya mtoto.

"Usitie dawa yoyote," akasisitiza.

Daktari wa juzi huyu! Umeme umekatika, barafu inayeyuka. Nikamimina fomalini, dawa yetu ya kuzuia maiti isioze, kama tufanyavyo siku zote. Nikamtambia Mama Limi, "Nimekusaidia, hakiozi hiki." Akaniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikala.

Jana majibu yalirudi: dawa imeharibu nyama, hakuna kilichosomeka. Na marehemu ni majivu.

Mama Limi alikuwa amekuja kuyapokea; kabla hajamweleza lolote, daktari akauliza, "Nani alitia fomalini?"

Mama Limi akanishika bega, akitabasamu.

"Ni huyu baba, daktari. Bila yeye kile kipande kingeoza."